Mchanga mkavu unakataaje maji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi, nipo likizo nyumbani Ipuli, Tabora. Tumechimba shimo la choo, juu kuna udongo laini kama mita moja alafu chini mchanga wa punje kubwa. Mvua imepiga usiku, asubuhi naangalia ukuta wa shimo udongo wa juu umelowa chapachapa ila mchanga mkavu kabisa! Si mchanga ndo unapitisha maji haraka? Na modeli yangu ya kompyuta, ya kuhesabu maji yanavyoshuka ardhini, inayashusha moja kwa moja mpaka chini, nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho yako yako sawa, modeli ndo imekosea. Mchanga unapitisha haraka ukiwa umejaa maji, ukiwa mkavu zile nafasi kubwa kati ya punje zina hewa tu na maji hayana pa kushika, wakati udongo laini una vitundu vidogo vinavyoyafyonza na kuyang'ang'ania mpaka pale mpakani palowe karibu kujaa ndo yanaachia. Jaribu hapo nyumbani: kata chupa ya plastiki, weka mchanga mkavu chini, juu udongo wa kichuguu uliotwangwa na kuchekechwa, mwagia maji kwa kijiko taratibu. Utaona weusi wa unyevu unashuka, ukifika kwenye mchanga unasimama, unatanuka pembeni kwanza, alafu unatoboa sehemu moja nyembamba kama kidole.

Sasa modeli. Nahisi mchanga umeupa namba moja tu ya upitishaji, ile ya ukiwa umejaa. Hesabu ya Richards ya 1931, ile ya mwendo wa maji kwenye udongo usiojaa, inataka upitishaji ubadilike kadiri unyevu unavyobadilika, kwa hiyo kila tabaka lipe mkunjo wake, yaani mstari wa grafu unaoonyesha unyevu unavyobadilika na ufyonzaji, fomula ya van Genuchten ya 1980 inatosha kuuchora. Usichanganye tabaka ukatafuta wastani, hapo ndo wengi wanaharibu! Mpakani nguvu ya ufyonzaji iwe sawa pande zote mbili, ila unyevu wenyewe unaruka ghafla, uache uruke. Vipande ambavyo modeli inagawia udongo, pale mpakani viwe vya sentimita 1 au pungufu. Na ukianza na udongo wa Oktoba, mkavu kabla ya mvua, programu inaweza kugoma, anza na hatua za muda za sekunde. Mwisho jumlisha: mvua iliyoingia ilingane na maji yaliyoongezeka udongoni pamoja na yaliyotoka, milimita zikipotea usiuamini mchoro hata ukipendeza.

Hilo shimo nalo, mvua zikikolea mchanga utalowa na hapo utapitisha maji machafu ya choo kwa kasi kweli, kwa hiyo kama kuna kisima cha jirani karibu mwambie mzee kabla hamjaanza kujengea.