Maswali ya Wasomaji: Ushindi wa Kamari, Ritani na Hofu ya Wakaguzi

Barua tatu kutoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani zimetufikia msimu huu wa ritani, yaani taarifa za kodi za kila mwaka, zikihusu jambo moja. Tumezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Chicago na kufanya kazi katika ghala la mizigo. Mshahara wangu wa mwaka 2025 ulikuwa dola 46,000, na sina mke wala mtoto wa kumtaja kwenye ritani. Katikati ya mwaka mashine ya sloti ilinipa dola 2,300, na kabla sijalipwa nikaandikiwa karatasi iitwayo W-2G. Pia nabashiri mpira kwenye simu, na mikeka iliyoshinda imenipa faida ya dola 3,100 baada ya kuondoa madau yake, bila karatasi yoyote. Iliyochanika, pamoja na hela iliyomezwa na mashine, imenila zaidi ya dola 6,000. Jamaa ninaokaa nao wanasema kwamba nikiitaja kamari kwenye ritani nitakuwa nimewaita wakaguzi mwenyewe, na kwamba kwa kuwa mwaka umeishia hasara, sidaiwi kitu. Je, wana haki?

JIBU: Ndugu yangu, jamaa zako wamekosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi. Karatasi ya W-2G uliyopewa ina nakala yake, na nakala hiyo hupelekwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, ikiwa na jina lako, namba yako ya Social Security na kiasi ulichoshinda. Kompyuta za IRS hulinganisha karatasi za namna hiyo na ritani ya mlipakodi, na zikikuta dola 2,300 upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, barua hutoka. Kwa hiyo kinachoiita barua ni pengo kati ya karatasi mbili. Mtu aliyeandika kiasi kilekile kilichomo kwenye W-2G hajaacha pengo lolote la kutafutwa.

Ushindi wa mikeka nao unatakiwa kuandikwa. Ukimya wa kampuni ya kubashiri usikudanganye: kwa mwaka 2025 ubashiri wa michezo ulitolewa W-2G pale tu ushindi ulipofika dola 600 na pia kuwa angalau mara 300 ya dau, sharti ambalo mkeka wa kawaida haulifikii, ilhali sloti ilitolewa kuanzia dola 1,200. Viwango hivyo vinaihusu kasino au kampuni inayolipa ushindi, na karatasi zake. Wewe sheria inakutoza kodi kwa ushindi wote, hata wa dola 20. Najua utaniuliza IRS itajuaje, nami sitakutisha kwa kudai kwamba inaona kila mkeka; ila fedha hizo zimepita benki, kampuni inatunza historia ya akaunti yako, na mkaguzi akishafungua faili kwa sababu nyingine yoyote, taarifa za benki ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyoweza kuomba.

Kosa la pili ni hilo la kudhani kwamba hasara inafuta ushindi. Ingekuwa haki, lakini sivyo sheria ilivyo. Ushindi wote, yaani dola 5,400, unaingia kwenye Jedwali la 1 la fomu 1040, ambayo ndiyo fomu kuu ya ritani, mstari wa 8b. Hasara inaandikwa mahali pengine kabisa, kwenye Jedwali la A, ambako watu huorodhesha moja moja makato yao, yaani gharama zinazopunguza mapato yanayotozwa kodi, na haiwezi kuzidi ushindi; dola 600 zilizozidi kwako hazina pa kwenda, wala hazihamishiwi mwaka unaofuata. Tena anayetumia Jedwali la A analazimika kuyaacha makato ya kawaida, yaani kiasi maalumu kinachoondolewa kwenye mapato bila kuorodhesha chochote, ambayo kwa mtu asiye na ndoa yalikuwa dola 15,750 kwa mwaka 2025. Wewe hujataja mkopo wa nyumba wala michango mikubwa, hivyo kuorodhesha dola 5,400 na kuacha 15,750 ni kujipunja. Utabaki na makato ya kawaida, na hasara yako haitakupunguzia hata senti.

Hebu tupige hesabu. Kwa mshahara wako, dola ya mwisho unayoipata inatozwa asilimia 12 na serikali kuu, kwa hiyo dola 5,400 zinakuongezea kodi ya dola 648. Illinois inatoza asilimia 4.95 na haimruhusu mchezaji wa kawaida kukata hasara za kamari, kwa hiyo ongeza dola 267 na senti 30. Utalipa jumla ya dola 915 na senti 30 kwa mwaka ambao kamari ilikutia hasara. Mimi naiona kanuni hii kuwa ya ukali usio na sababu ya maana, na kwa mwaka 2026 imekazwa zaidi: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaruhusu asilimia 90 tu ya hasara, hata kwa anayeorodhesha, kiasi kwamba mtu aliyeshinda dola 10,000 na kupoteza dola 10,000 atatozwa kodi juu ya dola 1,000 ambazo hakubaki nazo. Ukali huo haukupi ruhusa ya kuandika sifuri, wala ya kutoa hasara kwenye ushindi kimyakimya na kuandika tofauti peke yake, jambo ambalo watu wengi hufanya kwa nia njema kisha wakashangaa barua imetoka wapi.

Kuna nafuu moja halali. Kwa sloti, mwaka 2008 wanasheria wa IRS walieleza kwamba mchezaji wa kawaida anaweza kuhesabu faida au hasara kwa kikao kizima cha kucheza badala ya kila mzunguko wa mashine. Ikiwa siku ile uliingia na dola 700 na kutoka na dola 2,300 mkononi, faida ya kikao hicho ni dola 1,600. Hata hivyo, W-2G bado inasema 2,300, na kompyuta haijui habari za vikao. Anayetaka kutumia njia hii aambatishe maelezo, awe na kumbukumbu za siku hiyohiyo, na kwa kweli amwone mtayarishaji wa kodi aliyewahi kuifanya kabla yake.

Sasa wakaguzi wenyewe. Kwa miaka ya karibuni IRS imekuwa ikikagua chini ya ritani moja katika kila mia za watu binafsi, na sehemu kubwa ya ukaguzi huo hufanyika kwa barua: wanataja mstari fulani na kuomba uthibitisho. Mchezaji wa kamari hukwama hapo kwa kukosa daftari. Tangu mwaka 1977 IRS imeeleza inachotarajia kukiona humo: tarehe, aina ya mchezo, jina na anwani ya mahali, watu mliokuwa nao, na kiasi ulichoshinda au kupoteza. Kwa mfano: “Jumamosi, kasino ya mtoni, sloti, mashine namba 4417, nikiwa na mfanyakazi mwenzangu, niliingia na dola 200 saa mbili usiku, nikatoka na dola 35 saa nne.” Mstari huo ulioandikwa usiku uleule, ukiwa na risiti ya ATM iliyobanwa pembeni, una uzito kuliko furushi la tiketi zilizookotwa. Taarifa ya mwaka ya ushindi na hasara inayotolewa na kasino au kampuni ya kubashiri inasaidia, lakini usiitegemee peke yake. Hifadhi vyote kwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha ritani, kwa kuwa huo ndio muda wa kawaida wa IRS kuirudia. Muda huo hufika miaka sita kwa aliyeacha mapato yanayozidi robo ya aliyoyataja, na kwa udanganyifu hauna kikomo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mume wangu ni wauguzi huko Minnesota. Tumepokea barua ya IRS yenye alama CP2000 ikisema hatukuandika ushindi wa sloti wa dola 8,000 wa mwaka 2023, na inadai kodi ya dola 1,760 pamoja na riba. Ni kweli mume wangu alishinda, na karatasi ilipotea. Mwaka huohuo alipoteza kama dola 7,000, na kadi yake ya kasino inaonyesha. Je, tumeshakaguliwa? Tulipe tu yaishe?

JIBU: Dada, barua ya CP2000 si ukaguzi. Ni pendekezo la kompyuta, nayo inawapa nafasi ya kukubali, kukataa, au kukubali sehemu, kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Tarehe hiyo msiipitishe. Mkihitaji muda zaidi, pigeni simu kwenye namba iliyomo ndani ya barua kabla haujaisha.

Msilipe kabla ya kuangalia jambo moja. Kompyuta imeona ushindi lakini haijui hasara. Makato ya kawaida ya wanandoa kwa mwaka 2023 yalikuwa dola 27,700. Tuseme riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na sadaka zenu zilifika dola 26,000. Mwaka ule mlifanya vizuri kuchukua makato ya kawaida. Mkiongeza hasara ya dola 7,000, orodha inafika 33,000, yaani dola 5,300 zaidi, na mapato ya ziada yanayotozwa yanashuka kutoka 8,000 hadi 2,700. Kwa kiwango cha asilimia 22 kilichotumika kwenye barua yenu, deni linashuka hadi dola 594 kabla ya riba. Kwa hiyo jibuni kwamba mnakubali ushindi lakini mnadai hasara, mkiambatisha Jedwali la A lililojazwa, taarifa ya kadi ya kasino, taarifa za benki na daftari kama lipo. Ikiwa barua inataja pia adhabu ya asilimia 20, ombeni iondolewe mkieleza sababu ya kweli. Kupotea kwa karatasi peke yake ni sababu dhaifu, ila miaka mingi ya ritani safi husaidia. Mkishamalizana na IRS, rekebisheni na ritani ya Minnesota, kwa sababu habari hiyo itafika huko.

Akipiga mtu simu akijiita afisa wa IRS na kutaka mlipe kwa kadi za zawadi la sivyo polisi waje, kateni simu. Madai ya IRS huanza kwa barua ya posta, na hakuna ofisi ya kodi inayopokea kadi za zawadi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanzania mwenye viza ya F-1, mwaka wangu wa pili hapa. Nilishinda dola 3,000 kwenye sloti nikakatwa 900 palepale. Mwenzangu mwenye green card hakukatwa kitu. Je, nimeibiwa?

JIBU: Hukuibiwa. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka mitano ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa si mkazi kwa mambo ya kodi, na asiye mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye ushindi wa sloti. Wapo wanaopata nafuu kwa mikataba ya kodi kati ya nchi zao na Marekani, lakini Tanzania haina mkataba huo. Hasara huwezi kuikata. Ungeshinda kwenye meza ya blackjack au roulette usingekatwa, maana sheria imeisamehe michezo hiyo kwa wasio wakazi. Utapokea fomu 1042-S, inayoonyesha ushindi na kodi uliyokatwa; iambatishe kwenye ritani yako ya 1040-NR, ambayo ni ya wasio wakazi, na uhakikishe dola 900 zimeandikwa humo kuwa kodi iliyokwisha kulipwa. Usitumie fomu 1040 ya kawaida hata kama programu ya kodi ya mwenzako inakubali kuijaza.