Maswali na majibu: Ejensi imekubana usiguse "mteja wake yeyote", usaini au ugome?

Safari hii maswali mengi yamekuja ya jambo moja, kile kifungu cha kutoshindana kwenye mikataba ya tafsiri. Watu wa huku kwetu wanaojua Kirundi, Kiha, Kifaransa na Kiswahili wanatafutwa sana na ejensi za nje, mkataba unakuja kwa imeili kurasa kibao, unaambiwa saini leo kazi ianze kesho. Twende.

Kaka shikamoo. Ejensi ya Ulaya inataka nikubali kwamba kwa miaka mitatu baada ya kuachana nao nisifanye kazi na mteja wao yeyote, "wa zamani, wa sasa au anayetarajiwa". Nisaini tu? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba dada. Kikiwa hivyo usisaini. Ejensi ina hofu ya haki kabisa, imehangaika kumpata mteja, haitaki wewe uliyepewa faili na wao umfuate pembeni umpe bei ya chini, na mtafsiri anayefanya hivyo anatuharibia wote. Ila angalia hayo maneno "yeyote" na "anayetarajiwa". Orodha ya wateja wao huna na hawatakupa maana ni siri yao ya biashara, sasa shirika likikuandikia mwakani utajuaje kama limo? Alafu kwa lugha zetu wateja ni walewale, mashirika ya misaada, miradi ya afya, watafiti, na mteja huyohuyo anatumia ejensi tatu nne kwa wakati mmoja, kwaiyo ukifungiwa "mteja yeyote" wa ejensi moja kubwa umefungiwa karibu soko zima.

Usigome, badilisha. Mimi napeleka maneno kama haya: "Kwa miezi 12 tangu kazi ya mwisho ya mteja husika, mtafsiri hatamtafuta mteja ambaye alimfanyia kazi kupitia ejensi na akalijua jina lake kupitia kazi hiyo. Kifungu hiki hakihusu wateja aliokuwa nao kabla, wala kazi zinazomfikia kupitia ejensi nyingine." Hapo cha kung'ang'ania ni "hatamtafuta", maana "hatafanya kazi naye" inakufunga hata mteja akija mwenyewe. Na muda uanze kuhesabiwa kwenye kazi ya mwisho ya huyo mteja, sio siku mkataba unapovunjwa, kwasababu mikataba hii haivunjwi, unaweza kukaa nao miaka kumi hawakupi kitu na bado umefungwa.

Naogopa nikianza kubishana wataniacha wachukue mwingine. (Tabora mjini)

Wapo watakaokuacha, siwezi kukudanganya. Ila huyo anayekutumia mkataba anatumia fomu ileile kwa kila mtu na wengi wao kubadilisha sentensi moja hakuwasumbui. Usiombe msamaha wala usilalamike, andika kwa kifupi: "Asante kwa mkataba. Niko tayari kuanza. Kifungu cha 9 nimependekeza maneno mapya hapa chini, yanalinda wateja wenu wote mtakaonipa. Mengine yote nakubali." Wakikujibu kwamba hicho kifungu hawajawahi kukitumia kwa mtu, wajibu kwa adabu kwamba basi hakuna hasara kukibadilisha. Wakikataa kabisa, angalau waombe wakuandikie kwa imeili kwamba kinahusu tu wateja uliowafanyia kazi, na hiyo imeili itunze. Haina nguvu sawa na mkataba, ila siku ya ugomvi ni bora kuliko mikono mitupu.

Mwakeye! Nilikuwa mkalimani wa Kirundi kambi ya Nyarugusu kupitia kampuni ya hapa Tanzania. Mkataba umeisha, wanasema mwaka mzima nisifanye kazi na shirika lolote kambini. Nina watoto wawili. (Kasulu)

Pole sana ndugu yangu, hili limeniuma. Kwa mkalimani wa Kasulu kumzuia mashirika yote ya kambini ni kumwambia akae nyumbani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 27, inasema makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kiasi kile kinachozuia, na sehemu inayoruhusiwa wazi ni ya mtu aliyeuza biashara pamoja na jina lake, ambayo wewe sio. Hiyo haimaanishi siri ulizosikia kwenye mahojiano uziseme, hizo zinabaki siri hata baada ya mkataba. Waandikie barua, taja hicho kifungu, waambie utatunza siri zote na hutachukua mradi uleule uliokuwa unaufanyia kwao. Nakala mpelekee wakili aisome kabla hujaituma, au watu wa msaada wa kisheria kama pesa ya wakili hakuna. Na usiache kuomba kazi wakati unasubiri majibu.

Mkataba una faini ya euro 10,000 nikikiuka. Kweli watanifuata mpaka Ujiji?

Inategemea umesaini sheria ya nchi gani na ugomvi unaamuliwa wapi, kwaiyo soma zile kurasa za mwisho ambazo wengi tunaziruka. Kwa sheria ya Tanzania, kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo, faini iliyoandikwa ni kikomo tu, anayedai anapewa fidia inayostahili isiyozidi hapo, sio lazima yote. Kama imeandikwa sheria ya nchi nyingine usijipe moyo sana na hii. Na ukiona ugomvi unaenda kwa msuluhishi nje ya nchi, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa New York wa 1958 tangu 1964, maana yake uamuzi wa msuluhishi wa nje unaweza kuletwa mahakamani hapa utekelezwe. Ila kitu kitakachokupata mapema ni kuzuiliwa invoisi zako, kwasababu pesa wanayo wao, kwaiyo usiache madeni yarundikane kwa ejensi yenye faini kubwa.

Mteja wa ejensi kanitafuta mwenyewe LinkedIn, na mimi nilishasaini. (Nzega)

Usimjibu bei kwanza. Soma kama umezuiwa kumtafuta au kumfanyia kazi kabisa. Kama ni kumtafuta tu, piga picha ujumbe wake wenye tarehe, uhifadhi, hapo una pa kusimamia. Kama ni kabisa, mwambie ukweli kwamba una mkataba na ejensi, aombe wewe upangiwe kazi zake kupitia wao. Mara nyingi ukitajwa kwa jina na mteja ndio unapata nguvu ya kuomba bei ipande.

Kampuni ya Dar inataka nifanye kazi kwao tu, lakini malipo ni kwa neno na kazi zikiwepo.

Hapana. Anayekutaka peke yake akulipe kila mwezi kazi iwepo isiwepo. Na wenyewe waangalie vizuri, Sheria ya Taasisi za Kazi kifungu cha 61 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa, na moja ni kumfanyia kazi mtu mmoja tu, jingine ni wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Hata karatasi ikikuita mkandarasi huru. Wakumbushe hilo kwa upole, uone kama hicho kifungu kitabaki.

Nilisikia Marekani wamefuta hivi vifungu vyote?

Hapana. Tume ya biashara ya serikali kuu yao ilitangaza kuvipiga marufuku Aprili 2024, ila mahakama ya Texas ikaitengua Agosti mwaka huohuo kabla haijaanza. California ndio vinabatilishwa kwa sheria yao ya siku nyingi, kwaiyo ejensi ya Marekani ikikuletea mkataba angalia kwanza imeandika jimbo gani.