Fundi Anajibu: Kadi isiyo na betri inaongeaje na mashine?

Tangu nilipogusia NFC, yaani mawasiliano ya vifaa vinavyogusishwa au kusogezwa karibu sana, kwenye safu iliyopita, barua karibu zote zimekuwa za jambo hilo hilo. Nimezifupisha, na zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha.

Fundi, shikamoo. Kadi yangu ya benki haina betri wala haichajiwi, lakini nikiisogeza kwenye mashine inalipa. Umeme inautoa wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Marahaba. Inautoa kwenye mashine yenyewe. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, kisha ilaze kadi juu ya mwanga. Kama plastiki yake si nzito sana utaona mistari myembamba ya waya ikizunguka ukingoni, mizunguko michache tu, na mahali fulani doa jeusi. Ile mistari ni koili, ndiyo antena. Doa ni chipu. Hakuna kingine humo ndani.

Mashine nayo ina koili yake, na umeme unaopita humo hugeuka mwelekeo kwa masafa ya megahezi 13.56. Umeme wa namna hiyo huzaa uga wa sumaku usiotulia, na uga usiotulia ukipita katikati ya koili nyingine huamsha umeme ndani yake. Ni kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, inayoendesha jenereta na transfoma mpaka leo. Umeme unaopatikana kwenye kadi ni kiduchu, ila chipu nayo haina njaa kubwa.

Sasa sehemu ninayoipenda. Watu hudhani kadi inarusha majibu hewani. Hairushi kitu. Chipu inabadili tu mzigo kwenye koili yake: mara inavuta umeme zaidi, mara inalegeza. Mashine inalihisi badiliko hilo kwenye koili yake yenyewe, kama watu wawili walioshika kamba gizani, kila mmoja akijua mwenzake amevuta au ameachia. Mivuto hiyo ikipangwa inakuwa sifuri na moja, na mazungumzo yanaanza.

Hapo ndipo lilipo jibu la wale wengine waliouliza kwa nini lazima usogeze karibu hivyo. Uga wa koili ndogo hufifia haraka mno: ukishaiacha mbali kidogo, kila umbali unapokuwa maradufu nguvu inabaki kama moja ya nane. Kwa simu na kadi za kawaida, sentimita nne ndizo za kutegemea. Kumi ni bahati. Wengi huuona huu kuwa upungufu. Kwangu ndiyo raha yake yote. Bluetooth hukuletea orodha ya vifaa vya nyumba nzima uchague, na cha jirani kikiwemo. Huku chaguo umeshalifanya kwa mkono.

Nimeambiwa mwizi anaweza kupita na mashine kwenye msongamano akanikomba hela ndani ya pochi. Ninunue pochi ya kuzuia mawimbi?
Mwenye wasiwasi

Hili ndilo walilouliza wengi, na wauza pochi wanalipenda kuliko mimi.

Kadi inasomeka kupitia kitambaa na ngozi, sitakudanganya. Lakini tazama mwizi anaondoka na nini. Kadi nyingi zitampa namba ya kadi na tarehe ya kuisha. Namba ya siri haitoki, wala zile tarakimu tatu za nyuma. Na malipo yenyewe hayaendi kwa namba ya kadi peke yake: kila mara chipu inapiga hesabu kwa ufunguo usiotoka humo ndani, inatoa msimbo wa mara moja. Akiunasa leo, kesho haumsaidii. Akitaka kukukata hela papo hapo, anahitaji mashine iliyosajiliwa kwenye akaunti ya mfanyabiashara, yaani kila anachoiba kinaingia mahali penye jina. Tena benki nyingi zina kikomo cha malipo yasiyodai namba ya siri.

Ninachokiogopa mimi ni kingine. Kuna mbinu ya kupokezana: kifaa kimoja kiko karibu na kadi yako, kingine kiko dukani au kwenye mashine ya kutolea fedha, na mazungumzo yanasafirishwa kati yao kwa intaneti. Kadi haijui kama inaongea na mashine iliyo mbali. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya ESET walieleza programu hasidi ya Android waliyoipa jina NGate, iliyofanya hivyo hivyo, na haikuhitaji mwizi akusogelee. Mhasiriwa mwenyewe alishawishiwa kuipakua, kisha akaambiwa aweke kadi nyuma ya simu yake na kuingiza namba ya siri, eti kuthibitisha akaunti. Mtu akikupigia na kukuomba ufanye hivyo, kata simu.

Pochi? Karatasi ya alumini ya jikoni inafanya kazi ile ile. Ukipenda pochi nzuri, nunua kwa uzuri wake.

Simu kwa upande huu imekaa vizuri kuliko kadi. Kwa kawaida hailipi mpaka itambue kidole, uso au msimbo wako, na haitoi namba halisi ya kadi bali namba mbadala iliyofungwa kwenye simu hiyo. Isipokuwa tiketi za usafiri, ambazo simu nyingine huruhusu zipite bila kufunguliwa. Angalia mpangilio wako.

Kaka fundi, nimebandika stika ya NFC, ile yenye chipu na koili kama ya kadi, kwenye mlango wa chuma, simu haisomi. Nikiishika mkononi inasoma.

Mlango ndio mkosaji. Uga wa sumaku ukigonga bati huamsha mikondo ya umeme ndani ya bati, nayo huzaa uga wake unaoupinga ule wa simu. Koili inabaki na njaa. Tafuta stika zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma; nyuma zina tabaka la feraiti, aina ya kauri ya sumaku. Kama hata hizo hazisomeki, vua kava la simu, hasa lenye kibati cha kushikia kwenye gari. Na jua antena iko wapi: kwenye iPhone iko juu, Android nyingi iko mgongoni usawa wa kamera au katikati. Watu wanahangaika kugusisha kitako cha simu.

Hizo stika zinafaa kwa lipi zaidi ya kuchezea?

Zinabeba kidogo. Chipu ya NTAG213, iliyo ya kawaida sana, ina baiti 144 za kuandikia. NTAG216 ina 888. Hapo panatosha anwani ya tovuti au nywila ya Wi-Fi, ili mgeni agusishe badala ya wewe kumsomea herufi moja moja. Mimi nabandika kwenye maboksi ya vipuri: nikigusa, orodha ya vilivyomo inafunguka. Ukimaliza kuandika, ifunge stika isiandikwe tena, la sivyo yeyote mwenye simu ataifuta aweke anwani yake. Ukiifunga moja kwa moja haifunguki, kwa hiyo soma mara mbili kabla.

Matumizi mazito zaidi yako kwingine. Wenye kisukari wanaotumia FreeStyle Libre, kipima sukari cha kubandika mkononi, huweza kusoma sukari kwa kugusisha simu. Pasipoti za kielektroniki nazo zina chipu ya jamii hii, na kwa kawaida haifunguki mpaka msomaji apate namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, zilizochapwa ndani. Ndiyo maana afisa anaifunua kwanza.

Zamani tuligusisha migongo ya simu mbili, picha ikapita. Imepotelea wapi?

Hiyo ni Android Beam; Google waliiondoa kwenye Android 10. NFC husafirisha kilobiti 424 kwa sekunde ikijitahidi, hivyo picha ya megabaiti nne ingechukua zaidi ya dakika. Beam ilitumia NFC kutambulishana tu, kisha Bluetooth ikabeba mzigo. Spika na vipokea sauti vingine bado hufanya hivyo.

Ng'ombe wetu wamevikwa hereni za kielektroniki. Simu yangu ina NFC lakini haizioni. Hereni ni mbovu?

Huenda ni nzima. Hereni nyingi za aina hiyo hutumia kilohezi 134.2, na antena ya simu haishuki huko hata uweke programu gani. Unahitaji kisomaji chake, cha fimbo. Vingine huunganishwa na simu kwa Bluetooth.