Sarafu feki ni ipi? Majibu kwa waliokwama

Fumbo lenyewe kwa aliyechelewa: sarafu 12 zinafanana, moja feki, hujui kama ni nzito au nyepesi, una mizani ya sahani mbili, unapima mara 3 tu, utaje feki na useme imezidi au imepungua.

Kaka, naanza 6 kwa 6, mbona sifiki?
Hutafika ndugu yangu. Kila sarafu inaweza kuwa nzito au nyepesi, kwa hiyo kuna hali 24, na mizani ina majibu matatu, kushoto kushuka, kulia kushuka au ngoma droo. Sasa 6 kwa 6 droo haipo, unabaki na hali 12 wakati kupima mara 2 kunachambua 9 tu. 5 kwa 5 ikilala upande zinabaki hali 10, yaani unakosa kwa moja, inauma. 3 kwa 3 ikiwa droo zinabaki hali 12. Ni 4 kwa 4 tu.

Nimeweka 1-2-3-4 kwa 5-6-7-8, upande wa kwanza ukashuka. Halafu?
Hapa ndo utamu. Changanya: 1-2-5 kwa 3-4-6. Droo? Feki ni 7 au 8, zipambanishe, itakayopanda ndo yenyewe. Ikishuka 1-2-5 basi 1 au 2 ni nzito ama 6 nyepesi, pima 1 kwa 2 umemaliza. Ikishuka 3-4-6, pima 3 kwa 4, zikilingana ni 5.

Watu wawili tunachezaje?
Mmoja anakuwa mizani na hachagui feki mwanzoni, anajibu atakavyo mradi asijipinge. Sio wizi. Mi nilimwekea mpwa wangu 5 kwa 5, dogo akanitazama, "kulia kumeshuka", anacheka, nikajua nimekwisha.

Ilianzia wapi?
Ilitrendi baada ya E. D. Schell kuuliza kwenye jarida la hisabati American Mathematical Monthly 1945, sarafu 8, huenda moja ni nyepesi, mara 2. Mwaka uliofuata Freeman Dyson, yule mwanafizikia, akaandika njia ya jumla: ukipima mara 4 unamudu hadi 39.

Zikiwa 13?
Feki utaipata ila unaweza usijue ni nzito au nyepesi. Azima sarafu moja pembeni unayojua si feki, anza 5 kwa 4 na hiyo ya kuazima, inakubali.