Maswali Yenu Kuhusu Lobelia

Tunaambiwa lobelia ni ya familia ya maua ya kengele. Mbona ua lake halifanani na kengele?

Familia ni hiyohiyo, Campanulaceae. Ila petali tano za lobelia zimeungana kuwa mrija uliopasuka upande mmoja: mbili hukaa juu, tatu chini. Tena ua likiwa bado tumba, kikonyo chake hujisokota, kwa hiyo unalolitazama limepinduka! Undugu utauona kwenye utomvu na kwenye chavua. Chavua huiva ndani ya kijimrija, kisha kijiti cha katikati hurefuka na kuisukuma nje kama bomba la sindano. Ncha ya kijiti hicho huwa tayari kupokea chavua baadaye tu, hivyo ua halijichavushi kirahisi.

Mimea ile mirefu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ni lobelia kweli?

Kweli kabisa, na kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Juu ya mita 3,500 jua huchoma mchana na usiku maji huganda. Lobelia deckenii ya Kilimanjaro hukunja majani yake usiku kufunika kichipukizi cha katikati, na hutunza maji kati ya majani hayo. Maji yakiganda juu, yaliyo chini hubaki bila kuganda na kichipukizi husalimika. Lobelia telekii ya Mlima Kenya imejifunika manyoya, na mkungu wake wa maua waweza kufika mita 3. Maua yenyewe yamejificha humo ndani, lakini ndege aitwaye chozi huyafikia kwa mdomo wake mrefu. Mmea huu hukua miaka mingi, huchanua mara moja, ukafa. Jirani yake wa mabonde yenye unyevu, Lobelia gregoriana, huweza kuchanua tena na tena.

Nimesikia lobelia husaidia kuacha sigara. Nijaribu?

Hapana. Lobelia inflata ina kemikali iitwayo lobelini, inayogusa mwili kwa njia inayokaribiana na nikotini, na ndiyo maana ilijaribiwa. Marekani ilipiga marufuku dawa za kujinunulia za kuacha sigara zenye lobelini mwaka 1993 kwa kukosa ushahidi kwamba zinafanya kazi. Kinachojulikana vizuri ni kwamba mmea huu hutapisha, na ukizidisha ni sumu.

Lobelia yangu ya chungu imeacha kuchanua joto lilipozidi.

Hiyo huenda ni Lobelia erinus, asili yake kusini mwa Afrika. Haipendi joto kali. Ipunguze hadi nusu, isogeze penye kivuli cha mchana, na udongo usikauke.