Chumvi kwenye barafu: pa kuitia na pa kuiacha

Kwenye madiko ya Tanga, kuanzia Deep Sea hadi Sahare, wapo wachuuzi wanaomwaga chumvi ya mawe juu ya barafu kabla ya kufunga deli, wakiamini barafu itadumu. Haidumu. Inakuwa baridi zaidi, lakini inaisha mapema.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Maji ya bahari, yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, husubiri mpaka karibu nyuzi -1.9. Maji yaliyokolea chumvi hadi asilimia 23 hufika nyuzi -21 ndipo yagande yote. Kwa hiyo chumvi ikigusa barafu, barafu inalazimika kuyeyuka, na ili iyeyuke inavuta joto kwa chochote kilicho karibu: samaki, kuta za deli, hata barafu nyenzake. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kupandisha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Hiyo ndiyo akiba yako. Chumvi haiiongezi hata kidogo, inaitumia haraka tu.

Samaki wa kuuza kesho asubuhi hahitaji chumvi. Kwa joto letu weka kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki, na usione uchungu. Barafu ipondwe ndogondogo, maana pande kubwa linamgusa samaki sehemu moja tu na kumchubua. Tandaza sentimita 5 chini, panga samaki, tia barafu, panga tena, kisha malizia na sentimita 5 juu. Jodari au kolekole mkubwa mtoe matumbo na matamvua, umjaze barafu tumboni. Kizibo cha chini kiwe wazi ili maji ya damu yatoke, kwa sababu samaki anayelala ndani yake huharibika upande wa chini huku juu anang'aa.

Ukitia chumvi hapo, tatizo linaanzia kwenye nyama. Nyama ya samaki huanza kuganda kati ya nyuzi -1 na -2. Barafu yenye chumvi humgandisha nusunusu na taratibu, chembe kubwa za barafu zinaota ndani ya nyama na kuipasua. Akiyeyuka anatoa maji, analegea, macho yanakuwa meupe, na mnunuzi akimbonyeza kidole kinaacha shimo. Hapo bei imeshashuka.

Chumvi ina kazi yake pale unapotaka baridi kali kwa muda mfupi. Kutengeneza aiskrimu bila friza, changanya kilo 3 za barafu iliyopondwa na kilo 1 ya chumvi ya mawe, zamisha humo sufuria nyembamba ya aluminiamu yenye mchanganyiko wako, ukoroge na kukwangua kingo mara kwa mara. Ndoo ya nje ndiyo iwe ya plastiki, ya ndani isiwe. Usishike barafu hiyo kwa mkono mtupu, inababua. Ukimaliza suuza sufuria vizuri, chumvi inakula aluminiamu.

Barafu za ukwaju na ubuyu zina lalamiko lake: mteja anafyonza mara tatu, utamu wote umekwisha, amebaki na barafu nyeupe. Maji huganda yenyewe kwanza na kusukumia sukari na rangi kwenye mianya. Kadiri friza inavyogandisha polepole ndivyo yanavyotengana. Poza juisi kwenye friji kwanza, tumia vikombe vidogo, vipange vikiwa vimeachana na vikigusa bamba la friza. Sukari gramu 150 kwa lita inatosha. Ukifika 300, juisi haianzi kuganda mpaka chini ya nyuzi -1.5, na barafu yako inalegea kabla hujavuka barabara.

Maji ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi hufanya vivyo hivyo: barafu inakuwa safi nje, chumvi inajikusanya katikati. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi inabaki yote na inakolea. Kama huna maji mengine, gandisha kwenye ndoo, na robo tatu ikishaganda toboa, umwage maji ya katikati.

Chupa za maji usizijaze. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, hivyo chupa ya lita 1.5 iachie nafasi ya mililita 150 hivi. Ya glasi isiingie friza hata kidogo: maji huganda juu na pembeni kwanza, ya katikati yanafungiwa, na yakianza kutanuka hayana pa kutokea isipokuwa kupasua.