Ndevu au tumbawe?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mwanangu anasoma Southampton, Uingereza. Oktoba alikwenda matembezi msitu wa New Forest, akanitumia picha mbili za uyoga mweupe wenye miiba inayoning'inia. Anasema ni uyoga mmoja, mdogo na mkubwa, na atarudi auchume anikaushie. Ni mmoja kweli?
Mama Salma, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam, Mama Salma. Picha nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Si mmoja. Ni ndugu wa ukoo mmoja, Hericium.

Wa kwanza ni Hericium erinaceus. Ni donge moja lisilo tawi hata moja, na meno yake marefu, mengine yapita sentimita 3, yanashuka pamoja kama ndevu za mzee aliyetoka kutia udhu. Umeota kwenye kovu la mti ulio hai. Ndiko unakopenda, kwenye mibiichi na mialoni mizee.

Wa pili, Hericium coralloides, sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuukosea. Hilo ni tumbawe! Shina moja, likatoa matawi, matawi yakagawika tena, na chini ya kila tawi meno mafupi yamejipanga kama ya chanuo. Na jina lake ndiyo maana yake: mfano wa marijani. Tazama tena picha, umekaa juu ya gogo lililoanguka. Huu hasa ni wa miti iliyokufa.

Rangi isimdanganye kijana. Wote huanza weupe, wakizeeka wakapiga umanjano. Atafute matawi.

Kuchuma, mwambie asithubutu. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kuuchuma erinaceus wa mwituni, wala kuuuza. Ndugu yake naye ni adimu, naye nauombea huruma ileile. Nilipokuwa nasoma kule niliuona erinaceus kwenye mbiichi mmoja mkongwe, nikawa naupitia kila Oktoba. Mwaka mmoja nikakuta kisiki, na vumbi la msumeno bado bichi. Uyoga huu huishi miaka ndani ya moyo wa mti kabla hatujauona nje, na mti wa umri ule haupandwi leo ukapatikana kesho. Niliumia sana.

Akitaka kukutumia, anunue wa kulimwa. China na Japani wanaulima erinaceus kwenye vumbi la mbao, na ule ni halali yake. Kisha akienda tena, alipige picha lile tumbawe kutoka chini, meno yaonekane, uniletee.